Kwa Nini Ndege ya Jeti Haitui Same

Msafiri anayetoka Tanga au Dar es Salaam kwa basi kwenda Moshi, akishapita Hedaru na Makanya, huwa na Milima ya Upare mkono wake wa kulia na nyika ya bonde la Pangani mkono wake wa kushoto. Afikapo Same huuona uwanda mpana na mkavu ambao kwa macho ni tambarare kama meza. Si ajabu basi akijiuliza kwa nini ndege kubwa isitue mahali hapa, badala ya wananchi wa Upare kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, maarufu kwa jina la KIA. Hata aliyeona malori ya tangawizi yakiteremka polepole kutoka Mamba Miamba huweza kuuliza swali hilo hilo kwa niaba ya mkulima.

Jibu linalotolewa mara moja ni kwamba kiwanja cha Same ni kidogo na njia yake ya kurukia ni fupi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshelezi. Wengi hudhani kwamba urefu wa njia ya kurukia ni kitu kilichopimwa kwa kamba siku ya ujenzi na kikabaki hivyo daima. Kwa mtu aliyesimama kando ya njia hiyo, ndivyo ilivyo. Kwa rubani sivyo. Njia ile ile, ambayo haikupunguzwa hata sentimita moja, huwa ndefu alfajiri na fupi adhuhuri. Huwa ndefu ikiwa kavu na fupi baada ya mvua. Huwa ndefu kwa ndege iliyobeba abiria wachache na fupi kwa ndege iliyojaa. Usalama wa abiria unategemea sana rubani kujua, kabla magurudumu hayajagusa ardhi, ni mita ngapi alizo nazo kwa kweli siku hiyo na saa hiyo.

Mzigo wa mwendo

Kitu chochote kinachokwenda kina nishati ya mwendo, na nishati hiyo hapana budi iondolewe yote ili kitu hicho kisimame. Kiasi chake ni nusu ya tungamo la kitu hicho mara mraba wa kasi yake. Neno la kutiliwa mkazo hapa ni mraba. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati haiongezeki maradufu bali mara nne. Na kasi ikizidi kwa asilimia 10 tu, nishati huzidi kwa asilimia 21, na mahali pa kusimamia, breki zikiwa zile zile, hurefuka kwa kiasi hicho hicho.

Tuchukue ndege aina ya Boeing 767 inayotua ikiwa na uzito wa tani 120 kwa mwendo wa kilomita 260 kwa saa. Nishati yake ingetosha kuchemsha lita 900 hivi za maji yaliyotoka mtungini. Basi lenye uzito wa tani 15 linalopita Same kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lina nishati ndogo mno likilinganishwa na ndege hiyo: yangehitajika mabasi zaidi ya 80 ya namna hiyo, yote yakienda pamoja, ili kuwa na nishati sawa. Nishati yote hiyo haina budi kumalizwa katika nusu dakika au chini yake. Sehemu kubwa huishia katika breki, na ndiyo sababu breki za ndege kubwa iliyofunga kwa nguvu huweza kuwa nyekundu kama chuma katika tanuri la mhunzi. Sehemu nyingine huondolewa na injini zenyewe, ambazo hugeuza mkondo wa hewa uelekee mbele, na nyingine na vibao vinavyoinuka juu ya mabawa mara ndege inapogusa ardhi.

Vibao hivyo vina kazi kubwa kuliko abiria anavyofikiri anapoviona dirishani. Bawa lililokuwa likiibeba ndege sekunde moja kabla bado linataka kuibeba. Maadam bawa linabeba, magurudumu hayajabeba. Na gurudumu lisilobeba uzito haliwezi kufunga breki, kwa kuwa msuguano wake na ardhi ni hafifu. Vibao huvunja nguvu ya bawa na kuutua uzito wote juu ya matairi.

Yafaa ieleweke pia kwamba si mita zote za njia zinazotumika kufungia breki. Kwa kawaida ndege ya jeti huvuka ukingo wa njia ikiwa bado juu kwa mita 15, na hugusa ardhi baada ya mita 300 hadi 450. Mita hizo zimekwisha kutumika hewani. Rubani akichelewa kushusha magurudumu, ndege ikaelea juu ya njia kwa sababu ya kasi iliyozidi, kila sekunde moja humla mita 70 hivi, yaani zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira. Sekunde tano za kuelea ni mita 350, na mita hizo hazirudi.

Tarehe 22 Mei 2010, huko Mangalore kusini-magharibi mwa India, ndege ya Boeing 737 iliyotoka Dubai ilikuwa na njia ya mita 2,450 mbele yake. Njia hiyo si fupi. Ila ndege ilikuja juu mno na kwa kasi iliyozidi, ikagusa ardhi ilipokwisha kuvuka mita 1,600 hivi. Kilichobaki kilikuwa mita 850, na kiwanja hicho kimejengwa juu ya kilima chenye makorongo kandokando. Watu 158 kati ya 166 walipoteza maisha. Kabla ya hapo rubani msaidizi alikwisha kumtaka rubani mkuu, zaidi ya mara moja, aghairi kutua na kupaa tena. Katika malezi ya Kiafrika, kama yale ya Kihindi, mdogo hamkatizi mkubwa, na desturi hiyo ina manufaa yake nyumbani na barazani. Katika chumba cha marubani ni desturi ya hatari. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980, mashirika ya ndege duniani yamekuwa yakiwafundisha marubani wasaidizi kusema wazi wanapoona kosa, na marubani wakuu kusikiliza.

Hewa nyepesi ya adhuhuri

Sasa turudi Upare. Mji wa Same uko kiasi cha mita 850 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Mambo haya mawili, mwinuko na joto, huifanya hewa kuwa nyepesi. Siku ya nyuzi 32, mita moja ya ujazo ya hewa ya Same ina uzito unaopungua kwa asilimia 15 hivi kuliko hewa ya kipimo cha kawaida katika usawa wa bahari, ambacho huchukua nyuzi 15 za Selsiasi.

Bawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halina budi kupita katika hewa hiyo kwa kasi zaidi ili lipate nguvu ile ile ya kubeba. Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wa urubani. Kipima mwendo cha ndege hakipimi mwendo wa magurudumu juu ya ardhi. Hupima kanieneo la hewa inayoipiga ndege usoni. Katika hewa nyepesi kanieneo hilo hupungua, na kipimo husoma kidogo. Kwa hiyo rubani anayetua Same adhuhuri huona katika kipimo chake kilomita 240 kwa saa, kama aonavyo Tanga au Zanzibar, na kwa kuruka kwake hiyo ndiyo hesabu sahihi. Lakini magurudumu yake yatagusa ardhi kwa kilomita 260 kwa saa. Tofauti ni asilimia 8 tu. Kwa ajili ya ule mraba uliotajwa, mahali pa kusimamia hurefuka kwa asilimia 17.

Alfajiri, joto likiwa nyuzi 18, hali huwa nafuu: njia ya mita 1,500 huwa kana kwamba imeongezewa mita 70 kuliko adhuhuri. Mwenye lori haoni tofauti hiyo hata kidogo. Mwenye ndege huiona, na wakati wa kupaa huiona zaidi, kwa sababu hewa nyepesi hudhoofisha bawa na injini kwa pamoja.

Tufanye hesabu. Tuseme ipo ndege ya jeti ambayo, katika njia kavu iliyo usawa wa bahari, siku ya baridi kiasi, na mikononi mwa rubani hodari, husimama katika mita 1,000 tangu ilipovuka ukingo wa njia. Mtu angedhani kwamba njia ya mita 1,000 inaitosha. La hasha. Ndege hiyo ikiletwa Same adhuhuri, mita 1,000 huwa mita 1,170. Kisha ipo kanuni inayotumiwa na mamlaka nyingi za usafiri wa anga, kwamba wakati wa kupanga safari ndege ya jeti ya abiria ionyeshwe kuwa inaweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo. Asilimia 40 inayobaki ni akiba ya makosa ya kibinadamu, ya breki zilizochakaa, ya upepo uliobadilika bila taarifa. Kwa kanuni hiyo mita 1,170 hudai njia ya mita 1,950. Njia ikitarajiwa kuwa na maji huongezwa asilimia 15 nyingine, nasi tunafika mita 2,240. Mita 1,000 za mwanzo zimekwisha zaidi ya maradufu, na bado halijatajwa suala la kupaa tena, ambalo kwa ndege iliyojaa mafuta na abiria aghalabu hudai njia ndefu kuliko kutua.

Kwa ndege zinazosukumwa na rafadha, ambazo wananchi wengi huziita pangaboi, baadhi ya nchi huruhusu asilimia 70 badala ya 60. Ndege hizo hutua kwa kasi ndogo, na rafadha zenyewe, zikigeuzwa pembe, ni breki kali. Hiyo ndiyo sababu miji mingi ya Tanzania imehudumiwa kwa miaka mingi na ndege za rafadha, kuanzia Twin Otter na Fokker F27 za Shirika la Ndege la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1977, hadi ATR na Dash 8 za siku hizi. Watu huziona kama ndege za daraja la pili. Maoni hayo hayana msingi wowote wa kitaalamu.

Upepo wa mlimani

Upepo unaovuma usoni mwa ndege humsaidia rubani, na unaovuma mgongoni humdhuru. Upepo wa mgongoni wa kilomita 18 kwa saa, ambao mtu wa kawaida angeuita upepo mzuri wa jioni, hurefusha mahali pa kusimamia kwa asilimia 15 hivi. Walioweka kanuni walikuwa na busara ya wafanyabiashara wazee: katika hesabu, upepo wa usoni huhesabiwa nusu tu ya kiasi chake, lakini upepo wa mgongoni huhesabiwa mara moja na nusu. Faida ipunguzwe, hasara iongezwe.

Same ni mahali pa upepo. Mji uko mguuni mwa Upare ya Kusini, karibu na nafasi inayoitenga na Upare ya Kaskazini, na upepo utokao Bahari ya Hindi hubanwa katika nafasi hiyo kama maji yanayopita katika mfereji mwembamba. Tena mji uko upande usiopata mvua. Mawingu ya baharini huacha maji yake kwenye miteremko ya mashariki na kwenye misitu ya Chome, na hewa inayovuka upande wa pili huteremka ikiwa kavu. Hewa inayoteremka huteremka pamoja na chochote kilichomo ndani yake, ndege ikiwamo. Nyuma ya safu ya milima hewa hujikunja pia kama maji nyuma ya jiwe mtoni, na ndege ndogo ikiingia katika mikunjo hiyo hutikiswa vibaya. Mchana wa kiangazi huongezeka chamchela, ule upepo wa kuzunguka wenye vumbi jekundu ambao kila mtoto wa Same anaujua. Kwa mtoto ni mchezo. Kwa ndege iliyo mita 10 juu ya ardhi ni upepo unaobadili upande mara mbili katika sekunde chache.

Milima yenyewe ni tatizo la pekee. Kilele cha Shengena kina mita 2,462, yaani zaidi ya mita 1,500 juu ya mji wa Same. Ndege ya jeti hushuka kwa pembe ya nyuzi 3, pembe ndogo sana, kwa sababu ikishuka kwa pembe kali huongeza kasi kama mkokoteni mteremkoni. Kwa pembe hiyo, kushuka mita 1,500 huhitaji karibu kilomita 30. Ndege inayokuja juu ya safu hiyo hubanwa kati ya mambo mawili: ikishuka mapema itagonga mlima, na ikichelewa itafika juu ya njia ikiwa juu mno na kwa kasi iliyozidi, kama ilivyokuwa Mangalore.

Macho ya rubani nayo huweza kumdanganya. Rubani aliyezoea njia pana ya mita 45, kama ile ya KIA, akiiona njia nyembamba hudhani kwamba yuko juu kuliko alivyo, akashuka zaidi ya inavyofaa. Uwanda usio na majengo wala miti mirefu ya kulinganishia huzidisha kosa hilo.

Mvua ni adui mwingine. Maji yakijaa juu ya lami, tairi linalokwenda kasi halipati nafasi ya kuyasukuma pembeni. Hupanda juu yake na kuelea kama mtumbwi, na breki huwa hazina kazi. Kwa tairi gumu la ndege ya jeti hali hiyo huweza kutokea kwa mwendo wa kilomita 235 kwa saa au zaidi. Tarehe 17 Julai 2007 katika kiwanja cha Congonhas mjini São Paulo, Brazili, ndege ya Airbus A320 ilishindwa kusimama katika njia ya mita 1,940 iliyolowa maji, na watu 199 walikufa. Maji hayakuwa sababu pekee, kwani mkono wa injini moja haukuwa umewekwa mahali pake. Lakini katika njia fupi iliyolowa kosa kama hilo halikuwa na mita za kulisamehe.

Bukoba nayo itakumbukwa. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria ikiwa katika mvua na hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na kiwanja. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa, na wavuvi ndio waliofika kwanza kuokoa. Ndege hiyo haikupita mwisho wa njia, bali haikuifikia, na ilikuwa ya rafadha wala si ya jeti. Inatajwa hapa kwa sababu kiwanja kidogo kilichozungukwa na ziwa au milima huipokea hali mbaya ya hewa kwa namna ambayo kiwanja kikubwa cha nyikani hakiipokei.

Jeti iliyotua Arusha

Hapakuwa na haja ya kwenda mbali kupata mfano wa jeti kubwa katika njia fupi. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, ikiwa na watu zaidi ya 200, ilikuwa ikitoka Addis Ababa kwenda KIA. Wakati huo njia ya KIA ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika. Ndege hiyo ya Ethiopia ikatua Arusha, katika kiwanja kidogo kilichozoea ndege za watalii.

Njia ya KIA ina mita 3,600 na iko mita 894 juu ya bahari. Njia ya Arusha wakati huo ilikuwa na mita 1,620, na iko mita 1,387 juu ya bahari. Njia zote mbili zimeelekea mashariki na magharibi, na viwanja vyenyewe viko umbali wa kilomita 50 hivi tu. Kwa mwinuko wa Arusha na joto la nyuzi 25, hewa nyepesi peke yake hurefusha mahali pa kusimamia kwa asilimia 22. Asilimia 60 ya mita 1,620 ni mita 972. Kiwanja hicho hakikujengwa kwa uzito wa ndege ya namna hiyo, wala kwa kuzimia moto wake endapo ungetokea.

Ndege ilisimama. Ilipojaribu kugeuka mwishoni mwa njia magurudumu yalitoka kwenye lami yakazama katika nyasi. Hakuna aliyeumia. Magazeti yalishangilia, na picha za jeti hiyo iliyokwama zilizagaa kote. Lakini msomaji makini ataona kwamba tukio hilo halithibitishi kuwa Arusha ilikuwa na njia ya kutosha. Linathibitisha kwamba siku hiyo akiba yote ililiwa, ikabaki mita chache za mwisho. Njia ikiwa na maji, au upepo ukivuma mgongoni, au magurudumu yakigusa ardhi sekunde nne baadaye, hesabu ingekuwa nyingine. Siku chache baadaye ndege hiyo hiyo iliruka kutoka Arusha ikiwa haina abiria na mafuta yake yakiwa machache. Hapo msomaji ataona nguvu ya uzito: njia ambayo ingekuwa mtego kwa ndege iliyojaa iliitosha ndege tupu.

Goma, mashariki mwa Kongo, njia ilifupishwa na mlima wenyewe. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilifunika theluthi moja hivi ya njia ya kurukia iliyokuwa na mita 3,000. Ndege za jeti ziliendelea kutumia sehemu iliyobaki, mwisho wake ukiwa ukuta wa mawe meusi upande mmoja na nyumba za watu upande wa pili. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora iliyokuwa ikijaribu kuruka kwenda Kisangani ilipita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, wenye soko na watu wengi. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria bali wakazi waliokuwa katika shughuli zao. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara katika mijadala ya viwanja vya ndege: ufupi wa njia humhusu pia mwenye duka aliye upande wa pili wa ua.

Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka kila njia kubwa iwe na eneo la akiba baada ya mwisho wake, lisilo na nyumba, nguzo wala mtaro. Kiwango cha chini ni mita 90, na kinachopendekezwa kwa njia kubwa ni mita 240. Pasipo nafasi hiyo, nchi nyingine hutandaza mwishoni mwa njia vitalu vya saruji laini yenye mapovu. Magurudumu huvivunja na kuzama humo, na ndege husimama kama gari lililoingia katika mchanga wa Mto Pangani. Ni dawa nzuri lakini ghali. Iliyo rahisi kuliko zote haigharimu ila mafuta kidogo: kama ndege haijatulia katika pembe na kasi yake inapofika mita 300 juu ya ardhi, au mita 150 kukiwa na anga safi, rubani aghairi, apae, azunguke, na aanze upya. Abiria wengi huogopa injini zinapounguruma ghafla na ndege kuinuka tena. Wangekuwa na haki zaidi ya kuogopa kama isingeinuka.

Je, ijengwe Same njia ya mita 2,500 au zaidi? Kwa upande wa uhandisi yawezekana. Lakini KIA iliyofunguliwa mwaka 1971 iko katika nyanda hizo hizo, ina hewa ya mwinuko ule ule na njia ndefu zaidi, na milima haiisogelei kwa ukaribu wa namna hiyo. Hata faru weusi watatu walioletwa kutoka Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya Hifadhi ya Mkomazi, ambayo lango lake liko kilomita chache tu kutoka mjini Same, walitua KIA kwa ndege ya mizigo na kumalizia safari kwa lori. Tangawizi nayo, ambayo huweza kukaushwa, haina haraka ya kupanda jeti.

Zinazobaki ni ndege ndogo, na kwa hizo Same na Mkomazi zina nafasi ya kutosha. Ndege ya injini moja yenye abiria kumi na wawili hutua kwa kasi isiyofikia nusu ya ile ya Boeing, na njia ya udongo ya mita mia kadhaa huitosha ikiwa kavu. Marubani wa nyika wana taratibu zao. Huruka asubuhi kabla hewa haijapata joto na chamchela haijaamka. Hupita kwanza chini juu ya njia bila kutua, kuwafukuza swala na kuangalia kama mvua ya usiku haikuacha tope. Kisha huutazama ule mfuko wa kitambaa ulioning'inizwa juu ya mlingoti kando ya njia: ukiwa umelala, upepo ni mdogo, ukiwa umenyooka, upepo ni mkali, na ukiwa unageuka huku na huku pasipo kutulia upande wowote, rubani hurudi juu na kusubiri, au hugeuza kuelekea KIA.